Nywele Ulizonisuka Bado Ziko Kichwani

Eeddo,

Shangazi yangu, nimekaa kwenye kiti chako cha saluni, kile kinachozunguka, na siwezi kutulia. Nazunguka kulia, nazunguka kushoto, nainuka kuzima feni kwa sababu inapeperusha karatasi, kisha nainuka kuiwasha kwa sababu joto la Garissa unalijua. Mama Riziki ameshusha pazia la mlango akasema anakwenda sokoni kununua sukari. Sukari ipo, nimeiona kwenye kopo. Ameniachia nafasi nikae na wewe.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili nina mashindano ya farasi kule Ngong, na nywele ulizonisuka bado ziko kichwani mwangu. Sijazifumua. Ulinisuka kwa ajili ya mashindano yale mengine, nikarudi kazini, na kabla siku yake haijafika nikapigiwa simu nirudi nyumbani kukuzika. Tangu hapo sijamruhusu mtu kunigusa kichwa. Mistari imelegea, nywele mpya zimesukuma za zamani juu, kichwa kinawasha mpaka najipigapiga utosini kwa kiganja kama mwendawazimu. Na helmeti haikai. Nimeijaribu asubuhi hii mbele ya kioo chako, imepanda juu, nikitikisa kichwa inaniangukia machoni.

Kocha Muthoni alipiga simu jana. Alinipa pole tena, kisha akasema nisipofika safari hii Biskuti atapewa msichana mwingine, na si kwa Jumapili peke yake. "Ninakuhurumia, Ifrah," akasema, "lakini farasi hakai matanga." Nilikasirika nikakata simu. Halafu nikampigia mwenyewe nikamwambia nakuja, kwa sababu ni kweli, farasi hakai matanga. Basi langu linaondoka kesho asubuhi. Lazima nizifumue leo, Eeddo. Mkono unafika kisogoni, unagusa uzi wako, unarudi.

Kila mtu ana maoni. Hooyo, mama aliyenizaa, amenipigia kutoka Hulugho, na baada ya kunieleza habari za ngamia mmoja mmoja akasema, "Fumua kichwa hicho, mwanangu, chawa hawajui kwamba una msiba." Mama Riziki ameniuliza kwa upole, akaniuliza tena, na juzi nikampazia sauti mbele ya wateja. Alichukua chanuo akaendelea na kazi. Nilitamani anitukane.

Nikuambie mengine yaliyobadilika, maana najua ungeuliza. Umeme unakatika kama kawaida. Bei ya mbuzi imepanda, wanaume wanalalamika, wengine wanauza na kucheka. Ndara zako bado ziko mlangoni, hakuna aliyethubutu kuziondoa, wateja wanaziruka kama viunzi. Wiki iliyopita alikuja bibi arusi kutoka Takaba ambaye hakuwa na habari. Aliingia akiita, "Eeddo Sahra yuko wapi? Nimetoka mbali." Mama Riziki akamwambia. Bibi arusi akalia, Mama Riziki akalia, wanja ukawachafua wote wawili, na mwishowe akasukwa akaolewa akiwa na kichwa kizuri. Nilikuwa nimesimama kwenye kona na kikombe cha chai nikifikiri: mbona huyu hakujua? Mji mzima ulikuwa unajua. Nilimwonea kinyongo kwa sababu alikuwa na wewe siku nyingi kuliko mimi, mpaka alipoingia mlango huu.

Unakumbuka nilipokuambia kazi yangu mpya? Niliogopa. Mtoto uliyemlea tangu alipoletwa mjini kusoma, ukampeleka chuo Nairobi, anarudi na kusema ameajiriwa kulisha farasi wa watu, na sasa wanamfundisha kuruka viunzi nao. Baraza lote la mtaa wetu, Bulla Punda, lilipata la kusema. "Ameona punda wetu hawatoshi!" Wewe ndiye uliyecheka kuliko wote. Kisha ukaniuliza swali moja tu, kama kichwa kitafunikwa. Nikasema kitafunikwa mara mbili, hijabu chini na helmeti juu. "Basi panda," ukasema, "lakini usipande na kichwa kama kiota. Kinachofunikwa nacho kitengenezwe."

Mara ya kwanza uliniharibia kabisa. Usikatae. Ulinisuka kama unavyowasuka mabibi arusi, ukazikusanya nywele zote hizi zinazonifika kiunoni ukazifunga fundo kubwa juu ya utosi, ili hijabu ikae na umbo. Nilipendeza sana. Nikafika Ngong, nikavaa helmeti, ikasimama juu ya lile fundo kama sufuria juu ya figa moja. Biskuti alipoanza tu kukimbia polepole, helmeti ikanifunika macho, na farasi akanipeleka anakotaka yeye, yaani kwenye majani. Kocha alicheka mpaka akakaa chini.

Nilipokusimulia hukucheka. Ulitoka nje, ukarudi na sufuria ya kupikia chai ukanivika. Ukaniambia nikimbie mahali pamoja. Nikakimbia, hapa hapa, mbele ya wateja, na sufuria kichwani. Ukavua, ukafumua, ukasuka, ukavika. Mama Riziki akauliza kwa nini usinipambe japo kidogo, uniwekee vishungi, na wewe ukamjibu kwa Kiswahili chako, "Wee Mama Risiki! Hii mtoto anabanda farasi, haendi arusi. Fishungi ya nini?" Mwishowe ukapata: mistari minne iliyonyooka kutoka usoni hadi kisogoni, mikia yake ukaikunja chini kabisa, juu kidogo ya shingo, ukaibana bapa kwa kuishona na uzi mweusi. Sufuria ikakaa. Mama Riziki akainama kutazama akasema, "Shoga, kwetu Hola mistari hii tunaiita twende kilioni. Wanawake wanasukana hivi haraka wakiitwa msibani." Ukasema jina ni lao, mistari ni yako.

Tangu siku hiyo kila nilipokuwa na mashindano nilikuja kwako kwanza. Watu wa kazini walinishangaa. Mtu anasafiri mpaka Garissa kwenda kusukwa, wakati Nairobi kila kona ina saluni? Nilijaribu huko, Eeddo. Walinivuta, walinipaka vitu, walinifunga fundo juu. Hawakuwa na sufuria.

Na ulivyokuwa ukinitania kuhusu Biskuti! Nilikuonyesha kwenye simu jinsi tunavyowasuka farasi siku ya mashindano, manyoya ya shingo tunayagawa mafungu madogo, tunayasuka, tunayakunja na kuyashona yawe vifundo. Ulivuta miwani. "Hii ni kazi yako?" Nikasema ndiyo, ni mkono wangu. Ukaitazama picha muda mrefu, ukakubali kwamba kazi ni safi. Kisha: "Kwa hiyo wewe unamsuka farasi, na mimi nakusuka wewe. Mwenye bahati ni farasi, yeye halipi nauli." Nikageuka kukujibu, ukanivuta sikio. "Tulia! Shingo hii si feni."

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ya mazishi yako walinisubiri. Wanawake wa kuosha walikuwa tayari, maji yalikuwa tayari, wakasema binti yake yuko njiani, tumpe muda. Nilipoingia mama mmoja alikuwa ameshakuosha nywele. Akaniambia, "Njoo wewe, msuke mama yako." Unajua inavyofanywa, umewafanyia wengi: misokoto mitatu, inalazwa nyuma. Sikuwahi kumsuka mtu. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekaa chini na wewe ukakaa juu. Mikono yangu ilijua shingo ya farasi tu. Basi nikakusuka hivyo, nikigawa na kubana kama ninavyombana Biskuti, na katikati ya msokoto wa pili nikakusikia ukinitania, wazi kabisa, nikakaribia kucheka. Mungu anisamehe. Nililia baadaye, nikiwa uani, mpaka nikatapika. Lakini pale nilitulia. Misokoto ilikuwa safi, Eeddo. Ungeikubali.

Labda ndiyo maana sifumui. Misokoto yako nimeifunga mimi kwa mikono yangu ikaenda ardhini. Mistari hii ya kwangu ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yako iliyobaki juu ya ardhi. Wananiambia fumua, kama vile wananiambia nioge.

Nimeinuka tena. Nimekwenda mlangoni, nimerudi. Kalamu naiweka chini kidogo.

Nimerudi. Nimeanza, Eeddo. Sikukata shauri lolote, nilikuwa najikuna tu, kidole kikaingia chini ya uzi, na uzi uliochakaa ukakatika. Nikakaa nimeushika huo mwisho wake. Sasa ungenicheka, maana nilianza kufumua kama mtu anayefungua bomba la gesi. Lakini nilivyokwenda polepole nikaanza kuona. Macho hayakuona kitu, ni vidole. Kumbe mkia wa kushoto unapita chini ya wa kulia. Kumbe mikia ya katikati huikunji, unaizungusha, halafu ile ya pembeni inaifunika. Kumbe uzi hauanzii pembeni, unaanzia katikati na kutoka nje, ndiyo maana hauvuti. Miaka yote hiyo ulikuwa nyuma yangu nami natazama ukuta. Nilijua kila kitu cha mkono wako isipokuwa ulichokuwa unafanya.

Halafu kwenye uzi, pale ulipozunguka mara ya mwisho, nikakuta unywele ambao si wangu. Mmoja. Mrefu, wa rangi ya hina.

Sijui nilikaa nao muda gani. Niliunyoosha juu ya karatasi hii, ukaonekana vizuri. Uliinama kukata uzi kwa meno, kwa sababu mkasi hukuupenda, na wako ukashonwa pamoja na zangu. Wazo la kwanza lililonijia nitakuambia, usikasirike. Nilitaka kuusuka humo humo. Jumapili niingie uwanjani na wewe ndani ya fundo, chini ya hijabu, chini ya helmeti, na asijue mtu. Niliuweka kabisa kwenye fungu la kwanza. Nikaanza.

Nikashindwa, na aliyenishinda ni wewe. Ni mabibi arusi wangapi umewarudisha mlangoni hapa, wamekuja na nywele za dukani kwenye mfuko, wanalia, mama zao wanakubembeleza? "Nenda saluni nyingine, mama. Dini imekataza nywele za mtu kuungwa na za mwingine. Mimi nasuka ulichopewa na Mungu." Ulipoteza wateja kwa hilo na hukulegea hata kwa binti wa mwenye nyumba. Sasa mimi nikuunge wewe kwenye kichwa changu kwa siri, halafu niseme nakuenzi? Nikautoa. Ilikuwa vigumu kuliko siku ya kaburi. Siku ile watu walinishika.

Nilizikusanya zote zilizotoka, zangu na huo mmoja, nikaenda uani chini ya ukuta, mahali ulipokuwa ukizika nywele za chanuo zisitupwe jalalani. Nilichimba kwa kijiko. Mama Riziki akarudi kutoka sokoni akanikuta nimepiga magoti, kichwa kimetimka, sina hijabu. Alitazama, akaelewa. "Chimba zaidi kidogo," akasema, "paka wasifukue." Nikachimba zaidi. Nikafukia.

Kisha nikaosha kichwa na qasil yako, ile ya majani iliyobaki kwenye bati, nikakaa chini, si kwenye kiti, nikajisuka mwenyewe. Nimefumua na kuanza upya mpaka mabega yakawaka moto. Adhana ya Alasiri imenikuta bado napambana na mkia wa kushoto. Mstari mmoja umepinda kuelekea sikioni, na huo mwingine sitaki hata kuuzungumzia. Helmeti imekaa. Imeegemea upande kidogo, lakini nimekimbia mahali pamoja na haikusogea. Mama Riziki akauliza, "Nikunyooshee?" Nikamwambia hapana, ahsante, mama, na nisamehe ya juzi. Akasema ya juzi ameshayasahau, jambo ambalo si kweli.

Eeddo, Allah akupanulie kaburi, akutilie nuru humo, akukutanishe na wema. Sitakuandikia mara nyingi, kwa sababu ninakujua, ungesema mtu mwenye mikono miwili atafute kazi. Nakuahidi hili tu. Kuanzia Jumapili nitajisuka mwenyewe. Sitakaa tena chini nikingoja mikono nyuma ya kichwa changu. Na mistari ikipinda, nitaruka ikiwa imepinda.

Binti yako,
Ifrah