Daktari Bado

Akinyi mjukuu wangu,

Huku Kisian tupo, ila macho yangu yamechoka na babu yako anakohoa tu. Unauliza kama usomee sayansi ya maabara kwanza, halafu uombe udaktari.

Miaka ya sitini, nami niliingia maabara ya hospitali Kisumu nikisema napita tu. Siku moja niliona vijidudu vya malaria kwenye damu ya mtoto. Mama yake akaniambia, "Asante, daktari."

"Bado, mama," nikamjibu.

Wenzangu wakacheka, wakanibandika jina hilo. Nikastaafu nalo. Mtoto alipona, lakini mimi, kwa kungoja udaktari, hata sikufurahi.

Soma, mjukuu wangu. Ila mgonjwa wako wa kwanza akipona, furahi hapo hapo.

Dani yako, bibi akupendaye,
Daktari Bado