Gideoni Mwalongo, Shabiki wa Mlowa Jazz Aliyenyamaza

Baba, mwaka umetimia tangu alfajiri ile ya mwezi wa sita ulipotuacha, na baridi ya Makambako imerudi na ukungu wake kama ulivyoizoea. Mama bado anawasha jiko mapema. Bado kuna watu wanaobisha hodi asubuhi wakiuliza kama bwana mifugo yupo, halafu wanakumbuka, wanatupa pole upya.

Kazi hiyo uliifanya miaka thelathini na miwili. Kuna nyumba hapa Mahongole ambako ulijua majina ya ng'ombe kabla ya majina ya watoto. Ulipostaafu watu waliendelea kukuita, nawe ukaendelea kwenda. Ulinawa hadi kwenye viwiko kwa sabuni ya mche, ukanywa chai uliyopewa hata ikiwa haina sukari, na kama ng'ombe hakuwa wa kupona ulimwambia mwenyewe taratibu, kama unampa habari za ndugu yake.

Hukuwa msemaji. Jambo moja tu ndilo lililokupandisha sauti, nalo ni Mlowa Jazz.

Wasomaji wengi wa tangazo hili ni vijana na hawazijui bendi hizo. Zilikuwa mbili: Mlowa Jazz ya Makambako na Nyota Ruhuji ya Njombe. Zote zilikufa kabla hatujazaliwa. Lakini katika familia yetu zilikuwa hai kila Jumapili, kwa sababu wewe ulikuwa Mlowa na shemeji yako, mjomba wetu Romanus Mtewele, alikuwa Nyota. Ibada ikiisha Mahongole uliwasha pikipiki hadi kwake Mji Mwema, Njombe. Yeye alikuwa ametoka misa. Mlikaa barazani mbele ya sinia la viazi vya kuchemsha, mkaanza. Mjomba alisema hakuna bendi Nyanda za Juu iliyowahi kuwa na tarumbeta tatu zinazosikilizana kama za Nyota. Wewe ulisema tarumbeta ni kelele, sikiliza besi ya Mlowa, inakwenda kama ng'ombe anayerudi zizini bila kuchungwa. Mjomba alikuuliza mbona bendi yako haikufika hata Songea. Ulimjibu kwamba aliye na kwao hahangaiki. Mliendelea hivyo miaka zaidi ya arobaini, na hakuna aliyemshinda mwenzake, na hakuna aliyetaka kushinda. Sisi tulidhani hivyo.

Yanayofuata ni ya Mjomba Romanus. Ametuomba yaandikwe katika tangazo lako, na tumekubali.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, redio moja ya hapa mkoani ilianzisha kipindi cha muziki wa zamani, kila Jumamosi mchana. Mtangazaji, dada anayeitwa Idda, aliwatafuta mashabiki wa bendi hizo mbili wabishane hewani. Mjomba alifurahi kuliko wewe. Ni yeye aliyekushawishi. Alishona kitufe cha koti lake la harusi, akawapigia simu wajukuu wote, walio Iringa na walio Dodoma, wasikose kusikiliza.

Hewani, Baba, ulikuwa mtu mwingine. Dada Idda alikuuliza habari za Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 1981, siku bendi zote mbili zilipopiga katika ukumbi mmoja hapa Makambako, kwenye dansi la mchana ambalo vijana waliliita bugi. Nyota walianza, Mlowa wakamalizia. Ulisimulia jinsi Mlowa walivyopanda jukwaani wakiwa na mashati meupe, jinsi mpiga solo alivyowapa watu mgongo wimbo mzima, jinsi wacheza dansi walivyoacha kucheza wakasimama kusikiliza. Ujumbe wa simu ukawa unamiminika, na dada Idda akawa anausoma, karibu wote ukiwa upande wako.

Mjomba anasema alihisi masikio yanapata moto. Alikuwa anashindwa mbele ya wajukuu wake. Akavuta kipaza sauti.

"Dada Idda," akasema, "shemeji yangu anasimulia asichokiona. Mlowa walipopanda jukwaani siku ile, yeye hakuwepo ukumbini. Muulize alikuwa wapi."

Ulinyamaza. Mjomba anakumbuka kwamba ulimtazama, na kwamba hukumtazama kwa hasira. Kisha ukajibu kwa ile sauti yako ya zizini.

"Ni kweli. Sikuwepo."

Ujumbe uliofuata ulikuwa wa vicheko. Mmoja alikuita shabiki hewa, na dada Idda akausoma kabla hajaufikiria. Kipindi kilipoisha Mjomba alikushika bega akicheka, akingoja ucheke naye. Ulivaa helmeti yako, ukamwambia, "Haya shemeji, tutaonana," ukarudi Makambako.

Jumapili iliyofuata hukwenda Njombe. Wala iliyofuata. Mke wa Mjomba, Mama mdogo Fidelia, alimwambia apige simu. Mjomba akasema atapiga, ila kwanza aliyeondoka kwa kununa ndiye aanze. Viazi vikavunwa. Krismasi ukamtumia salamu za heri kupitia Mama, naye akazirudisha hivyo hivyo zilivyokuja, bila kuongeza neno. Pasaka ikapita. Moyoni alijiambia kwamba hakusema uongo, alisema kweli tupu, na mtu mzima hanuni kwa kuambiwa kweli.

Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu. Nusu ya pili aliijua, na anakiri kwamba aliijua wakati neno lenyewe likimtoka.

Anasema siku ile ya Pasaka, wakiwa vijana wa miaka ishirini, Romanus alikunywa ulanzi, pombe ya mianzi, tangu asubuhi. Mvua zilikuwa nzuri, mianzi ilikuwa inatoa, na kila nyumba waliyopita walikaribishwa. Nyota walipofika wimbo wa mwisho, Romanus alikuwa chini nyuma ya ukumbi, hajitambui, amejitapikia. Baba yake alikuwa katekista. Angeonwa na mtu yeyote wa parokia, aibu ingemfika mzee kabla ya jioni. Gideoni alikuwa amengoja Mlowa miezi mitatu. Alimnyanyua rafiki yake, akamfunga kwa koti lake mwenyewe kwenye keria ya baiskeli, akaanza kumsukuma kwenye matope kuelekea kwa akina Mtewele, mwendo wa saa moja na nusu. Wakiwa hawajafika barabara kuu, nyuma yao Mlowa wakaanza kupiga. Gideoni alisimama kidogo, akasikiliza, kisha akaendelea kusukuma.

Aliyefungua mlango alikuwa dada yake Romanus, Vestina. Wakasaidiana kumwogesha kabla mzee hajarudi misheni. Wewe, Baba, ulirudi kesho yake kuchukua koti, ukarudi tena keshokutwa ukisema kuna kitufe kimebaki. Mama anasema kitufe hakikuwepo. Ndivyo sisi tulivyopatikana.

Mlowa walivunjika mwaka ule ule, kabla ya mavuno. Hukupata kuwaona tena. Uliwauliza waliokuwepo ukumbini, mwaka baada ya mwaka, mashati yalikuwa ya rangi gani, mpiga solo alisimama wapi, hadi siku ile ikawa yako kwa kusimuliwa. Na katika miaka yote ya ubishi hukumtajia Mjomba hata mara moja sababu ya kukosa kwako.

Mwaka jana, mwezi wa sita, ulikwenda kumtazama ng'ombe aliyeshindwa kuzaa kwa jirani yetu Ebeneza. Ulimtoa ndama akiwa mzima. Ulipoinama kunawa, mkono wa kulia ukakataa, na ulimi pia. Tulikupeleka hospitali.

Mjomba alipata habari jioni, akafika kesho yake saa nne. Ulikuwa macho. Hukuweza kusema, lakini ulikuwa unamfuata mtu kwa macho yako. Alikuamkia kwa Kibena, "Kamwene, shemeji," akakaa kwenye kiti upande wa miguuni. Wodini kulikuwa na Mama, Janeth na Timoth, na muuguzi aliyekuwa anaingia na kutoka. Mjomba aliyekuja njia nzima akipanga maneno akaanza kusimulia habari za mvua. Akasema mwaka huu baridi imewahi. Akasema barabara ya kwenda Ludewa inatengenezwa, na kwamba watu wa Lupingu watapata nafuu ya kuleta samaki. Akasema viazi vimeingiliwa na ugonjwa wa majani. Muda wote huo alikuwa amekushika mguu juu ya blanketi, na neno lenyewe likiwa limemkwama, akiona haya kulisema mbele ya watoto. Alipoondoka jioni alisema, "Nitarudi kesho shemeji, tuzungumze."

Ulimtazama hadi alipopita mlangoni. Alfajiri ukatutoka.

Msibani, wakwe walimchagua aseme kwa niaba yao. Alisema uliishi vizuri na watu. Alisema ulimpenda dada yake. Akafika mahali pa kusema lile jingine, akakunja karatasi, akakaa.

Miezi miwili iliyopita alikuja Mahongole siku ambayo si ya sikukuu wala ya msiba. Alituomba tukae wote, akatueleza mambo haya kuanzia mwanzo, kofia akiwa ameishika mkononi. Sisi watoto tulikuwa tunayasikia kwa mara ya kwanza. Mama aliendelea kuchambua maharage hadi alipomaliza.

"Najua, kaka," akasema. "Siku ile redio ilikuwa hapa jikoni. Aliporudi nikamuuliza, mbona hukumjibu? Ungesema tu kwamba ulikuwa umembeba yeye. Akaniambia, 'Ningemjibuje, Mama Janeth? Wajukuu zake walikuwa wanamsikiliza.'"

Mjomba alikuwa hajawahi kulifikiria hilo. Miezi yote ile alidhani ulinyamaza kwa sababu ulikamatika.  Kisha akamwomba Mama msamaha.

"Mimi nimekusamehe siku nyingi," Mama akamwambia. "Ila aliyekosewa si mimi."

Kesho yake alikwenda redioni. Dada Idda alikuwa bado yupo, akampa dakika kumi za kipindi kile kile. Mjomba aliwapigia tena wajukuu wote, walio Iringa na walio Dodoma, kwamba wasikilize. Akaeleza ulanzi, akaeleza matapishi, akaeleza baiskeli na matope, akaeleza na siku ile ya hospitalini, bila kujipunguzia. Akasema yeye naye Mlowa hakuwasikia siku ile, kwa hiyo miaka yote aliyosema Nyota ni zaidi alikuwa anapima upande mmoja tu wa mizani. Akasema kama kuna aliyemwita Gideoni Mwalongo shabiki hewa, shabiki hewa ni Romanus Mtewele.

Watu wengi walipiga simu kumpongeza. Mmoja, mama wa makamo kutoka Makete, karibu na Kitulo, hakumpongeza. Alimuuliza kwa upole, "Baba, ulikuwa naye siku nzima hospitalini. Kwa nini hukumwambia mwenyewe?"

Dada Idda akaweka wimbo. 

Siku hizi anakuja Makambako kila Jumapili baada ya misa. Anamsaidia Mama kuni, anatengeneza ukuta wa zizi ulioanza kupasuka. Siku moja Janeth alijaribu kumchokoza, akasema Mlowa ilikuwa zaidi na hilo halina mjadala. Alitabasamu akamwambia, "Acha mwanangu. Nimeshakubali." Ilituuma kuliko kama angekataa.

Baba, sisi nasi tuna letu. Tulikuona ukikaa nyumbani Jumapili zile zote, tukafurahi kwamba umepumzika na safari. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika hapa nyumbani Mahongole, Jumamosi hii saa nne asubuhi, kisha tutakwenda kaburini. Ndugu, jirani na wote uliowatibia mifugo wanakaribishwa.

Unakumbukwa na mkeo Vestina, wanao Janeth, Timoth na Anneth, wakwe zako, wajukuu zako Rejoice na Brayson, dada yako Elina, jirani yako Ebeneza na familia yake, na Mama mdogo Fidelia wa Njombe.

Mjomba aliomba jina lake lisiwekwe katika orodha hii, akisema hastahili. Mama amekataa. Unakumbukwa pia na shemeji na rafiki yako, Romanus Mtewele.

Maadamu tupo, Baba, hutasahaulika.