Mtu wa Mama Shuleni Kwetu

S.L.P. 4417,
Kisumu.
13 Juni 2025

Mpendwa shangazi yangu, Waya Seline,

Kabla hata ya salamu, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Sitaki kuwa nesi. Nataka kazi ya mama. Nimeliandika kwanza kwa sababu najijua, nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe.

Sasa nikusalimu vizuri. U hali gani huko Halifax? Goti limepona, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za wale wazee unaowahudumia? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baba anakohoa kidogo, lakini anasema ni chaki tu. Obonyo amerefuka, amenipita mimi dada yake, na hachoki kunikumbusha.

Najua huko mnasikia tu kwamba mama ni afisa wa probesheni. Hata mimi zamani nilidhani ni askari wa aina fulani. Mtu akishahukumiwa, na hakimu akaona si wa kupelekwa jela, anakabidhiwa mama. Mama anamtafutia mahali pa kuifanyia jamii kazi bila malipo, anamtembelea nyumbani, halafu anamweleza hakimu kama anajirekebisha au anacheza. Nyumbani hatutajiwi jina la yeyote. Mama husema “mtu wangu,” basi.

Kuna mtu wake mmoja anayeishi Obunga, anauza mgongo wazi. Si unaukumbuka, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani wakishatoa minofu, inakaangwa? Mama hawezi kuingia Obunga na gari la serikali, majirani watajua papo hapo kwamba kuna kesi. Kwa hiyo anashukia Kondele, anaficha kitambulisho cha kazi ndani ya kikapu, anaenda kwa miguu kama mteja. Wanaongea samaki wakikaangwa. Na mteja hawezi kurudi mikono mitupu. Tumekula mgongo wazi, Waya, mpaka juzi baba akaweka mfupa kwenye sahani akauliza, “Mama Akello, kwani mahakama haina hata mtu mmoja anayeuza kuku?”

Mwezi wa tano mwanamke mmoja aitwaye Metrine alianza kufagia shuleni kwetu. Siku moja nikamwona mama amesimama naye kando ya tangi la maji. Mama akanipita kama mtu asiyenijua, nami nikampita vivyo hivyo, maana hiyo ndiyo sheria yetu. Ukimwona mtu wangu, humjui mpaka yeye akujue. Nguo za Metrine zilinukia samaki wa kukaanga, na hapo nikaelewa ni nani anayetulisha mifupa.

Sasa sikiliza kilichotokea. Asubuhi moja kwenye gwaride, Naibu wa Mwalimu Mkuu alikuwa akitugombeza kwa uvivu wetu. Metrine akapita na ufagio. Naibu akamwita mbele, akamtaja jina, akasema huyu alikamatwa akipika pombe haramu ya chang'aa na sasa anafagia uchafu wenu, mwone mtakapoishia msiposoma. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ndivyo walimu wetu wanavyotuhimiza, kila kinachopita mbele yao ni mfano. Lakini shule nzima ilicheka. Kufikia mapumziko, wasichana walikuwa wanamwita Mama Kachupa na kumwuliza glasi leo ni bei gani.

Metrine alimaliza kufagia uwanja wote. Akarudisha ufagio stoo, na kesho yake hakuja. Wala siku zilizofuata.

Alhamisi ya wiki iliyopita mama alikaa mezani bila kula. Akamwambia baba kwamba kuna mtu wake ameacha kazi na hataki kusema kwa nini, anageuza tu samaki. Kesho yake kesi yake ingetajwa, na mama angelazimika kumwambia hakimu kwamba amekataa kuitumikia adhabu yake. Maana yake ni gereza la Kodiaga, na yule mama ana mtoto mchanga.

Waya, unanijua. Mimi ndiye yule wa kujificha nyuma ya pazia wageni wakija. Nilikohoa kwanza. Halafu nikasema, “Mama, mimi najua kwa nini.”

Nilimweleza yote. Akaniuliza, “Ulikuwepo?”

“Nilikuwa mstari wa mbele.”

“Alimtaja jina na kosa?”

“Vyote.”

Baba akamwambia mama, “Sylvia, huyu ana mtihani mwakani pale pale. Naibu atajua ni nani amesema.”

Mama aliniangalia mimi. “Baba yako amesema kweli. Bado unataka niende?”

Nikasema niko sawa, aende. 

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda mahakamani, mama alipitia shuleni. Ofisi ya Naibu imepakana na darasa letu na madirisha hayafungi vizuri. Mwalimu wa hesabu alikuwa hajafika. Tulisikia kila kitu.

“Madam, mimi nilikuwa nafunza watoto,” Naibu alisema.

“Hakimu alimpa kazi ya kufagia, Mwalimu. Kuchekwa hakumo kwenye hukumu. Hiyo umeongeza wewe.”

Naibu akasema hakuwa amelifikiria hivyo. Mama akamwomba amwandikie hakimu maneno hayo hayo. Na akaandika, Waya.

Darasani jirani yangu Dorca akanipiga kiwiko. “Huyo mama ni nani anamkalia Naibu hivyo?”

“Ni mama yangu,” nikasema. Nadhani nilisema kwa sauti, kwa sababu mpaka wa nyuma waligeuka.

Hakimu hakumfunga Metrine. Alisema akitaka atahamishiwa zahanati, afagie huko ambako hajulikani. Metrine akakataa. Alisema ameshachekwa tayari, atamalizia pale pale. Jumatatu, Naibu alisimama kwenye gwaride akasema alimkosea mgeni wa shule, na atakayemwita jina lisilo lake ataonana naye. 

Saa ya chakula nilikuwa bombani. Metrine akaegemeza ufagio ukutani, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

“Wewe ni wa Madam, sivyo? Unatembea kama yeye. Mdomo tu ndio hukupewa.”

Nilicheka mpaka maji yakanimwagikia. Kwa kuwa yeye ndiye aliyenijua kwanza, nikamsalimu, nikamwuliza mtoto anaendeleaje. Tuliongea mpaka kengele ikalia. Mimi, Waya, kuongea na mtu nisiyemzoea.

Ndiyo maana nimekuandikia. Najua umeshaulizia chuo cha unesi huko, na chumba umeniwekea. Nashukuru sana, na naomba usinikasirikie. Lakini nimemwona mama akimtoa mtu mahali pabaya bila kumpigia mtu kelele, nikajua kazi yangu ni ile.

Nisalimie mjomba Wesonga na mdogo wangu Naswa. Dani, nyanya yetu wa Ahero, anakusalimu sana, anasema ukija umletee miwani. Mungu azishike kazi za mikono yako na akulinde barabarani.

Nasikia nyayo za mama kwenye korido, zile za polepole za baada ya kazi. Tangu nianze kuandika nimekuwa nikiifunika karatasi hii kwa mkono kila mtu akipita. Sasa nimeondoa mkono. Mlango unafunguliwa, na mimi naendelea tu kuandika jina langu.

Mtoto wako akupendaye,
Akello