Wageni wa Bwana Pugh Walioingia Kwetu

Orchard End,
Wistanbury,
Shropshire.
Jumatatu, 29 Aprili 2024

Mpendwa kaka Rowland,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mgongo unaendeleaje? Mkeo Lynne aliniambia kwenye simu kwamba huwezi hata kuinama kufunga kamba za viatu. Nikasikitika, kisha nikacheka, maana baba naye alikuwa hivyo hivyo. Jisugue mafuta, usijifanye kijana. Huko Dunedin najua baridi ndiyo kwanza inabisha hodi. Huku ya kwetu imekataa kuondoka. Juzi jalidi ilianguka usiku, asubuhi nyasi zikawa nyeupe kama zimemwagiwa unga. Mimi ni mzima, ila goti.

Nilitaka kukuandikia habari za dalali. Atakuja Alhamisi kupiga picha za nyumba, na kabla ya hapo anataka bustani ya baba ifyekwe yote ili wanunuzi waone ukubwa wa kiwanja. Nilikubali, kama tulivyopatana mimi nawe. Lakini jana limetokea jambo lililonivuruga akili, na hata sasa sijui nilishike wapi.

Jana ilikuwa Jumapili ya Bwana Pugh, jirani yetu, kufungua bustani yake kwa watu. Unakumbuka, kila majira ya kuchipua kijiji hujaa magari, na michango huenda kwa wauguzi. Mimi sikwenda. Nilikuwa jikoni namenya viazi, nimevaa lile gauni lililotoboka kiwiko. Kuinua macho dirishani, namwona mwanamke mwenye kofia ya zambarau amepiga magoti chini ya mitufaha yetu, pua imezama majanini. Nyuma yake mzee na mkewe wanalitazama toroli bovu la baba kama watu walio kanisani.

Nikadhani ni wanunuzi. Nikatoka mbio, kisu bado mkononi.

"Dalali alisema mnakuja Alhamisi," nikawaambia.

"Dalali gani tena, mama?" akauliza mwenye kofia. "Sisi tumefuata mshale wa kibao."

Nikaona huo ni ujanja wa wanunuzi tu. Nikawaeleza kwamba paa linavuja upande wa nyuma, na mlango wa choo cha juu unakwama, sharti usukumwe kwa bega. "Asante," akasema kwa upole, "nitakumbuka nikibanwa."

Kufumba na kufumbua wakawa wengi. Mmoja akaniuliza chai iko wapi. Yule mzee akanyoosha fimbo. "Haya magugu umeyaacha makusudi?"

"Makusudi kabisa," nikajibu. Rowland, usiniulize kwa nini. Ulimi ulitangulia.

Akamgeukia mkewe. "Umesikia? Makusudi! Na wewe kila Jumamosi unanikimbiza na mashine ya kukata majani."

Ndipo nami nikatazama walichokuwa wakikitazama. Maua ya buluu yametanda chini ya miti hadi ukutani, na vitunguu saumu mwitu vimechanua vyeupe, harufu yake inakufuata hadi mlangoni. Hakuna aliyevigusa tangu baba afariki. Mimi hupita hapo kila siku kwenda kutupa maganda, na nilikuwa sijaviona.

Mara akaingia Bi Olwen, mke wa Bwana Pugh, na aproni yake ya unga.

"Hester! Mbona umeniibia wageni? Nimeoka keki hizo, zinaliwa na nyigu!"

"Sijamwita mtu mimi! Wamekuja wenyewe!"

"Basi ni upepo," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Upepo umegeuza kibao pale njia panda. Na Godfrey wangu simwoni. Nenda kamtafute, mimi miguu imevimba."

Nilimkuta Bwana Pugh nyuma ya kibanda chake cha majembe, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mbele yake ule mti wake wa magnolia, ambao watu hutoka mbali kuja kuuona. Maua yote yamekuwa ya kahawia, yananing'inia kama vitambaa vya kufutia meza.

"Jalidi," akasema, hata sijauliza. "Watu waje kuona nini, matanga? Kibao nimekigeuza mimi."

"Ukawaleta kwangu? Kwenye msitu?"

"Kwako ndiko kulikobaki kitu. Vya baba yako vimezoea shida. Vyangu nimevidekeza." Macho yalikuwa mekundu. "Tafadhali, usimwambie Olwen."

Kaka, nilisimama pale nisijue kama nimetukanwa au nimesifiwa, nimkaripie au nimkumbatie. Mwishowe nikamwambia ashike meza yao ya chai upande ule, nami upande huu, tukaivusha barabara pamoja na keki na birika. Baada ya muda akawa anamimina chai, na baada ya muda mwingine akawa anawatembeza wageni katika bustani yetu kama ameipanda yeye. Nikamsikia akisema, "Mtufaha huu marehemu jirani yangu aliupanda binti yake alipozaliwa."

Binti yake ni mimi peke yangu. Sikuwahi kuambiwa.

Wageni walipoondoka, nilisaidiana na Bi Olwen kuosha vikombe. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Anadhani sijui. Nilimwona kutoka dirishani akienda njia panda na nyundo yake."

"Sasa zile kelele zote za upepo?"

"Ningefanyaje? Watu walishaanza kuulizana. Mwanamume na mti wake, Hester, mwachie heshima kidogo."

Asubuhi nimempigia dalali simu kwamba asije Alhamisi, na mfyekaji asije kabisa. Akauliza, mpaka lini? Nikasema sijui. Sijakataa kuuza, Rowland. Wala sisemi nauza. Najua una mipango yako na nimekuharibia. Kasirika ukitaka, ila kabla ya kuniandikia lolote kuhusu nyumba, nijibu hili: mtufaha wa tatu kutoka ukutani, ule uliopinda, ni kweli baba aliupanda nilipozaliwa? Wewe ulikuwa na miaka saba. Lazima ulimwona akichimba.

Nisalimie Lynne, na Bridie, na Callum mwambie shangazi ameipata picha yake. Bwana Pugh na Bi Olwen wanakusalimu. Mungu awakinge nyote na baridi ya huko, na mgongo wako aunyooshe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,

Hester