Mipira Isiyohesabiwa

Harlan Falls, Iowa
Aprili 20, 1986

Baba mpenzi,

Naomba baraka yako. Natumaini barua hii inawakuta wote mkiwa wazima, na kwamba goti la mama limetulia. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Juzi tulicheza besiboli theluji ikidondoka, na jukwaani kulikuwa na bwana mmoja anakula aiskrimu.

Baba, keti kwanza ndipo uendelee kusoma. Wameniondoa kwa warushaji wanaoanzisha mechi. Sasa mimi ni zimamoto. Nakaa nyuma ya uzio na warushaji wengine wa akiba mpaka mwenzetu aliyeanza aelemewe, ndipo simu inalia na mimi naingia, wapinzani wakiwa tayari wamesimama vituoni. Kocha wetu, Bwana Haskell, anasema mkono wangu una kasi ya awamu mbili, si zote tisa za mechi.

Najua utakavyosema. Naomba tu useme taratibu.

Msalimie mama. Mwambie wali wa huku hauna ukoko.

Mwanao,
Radhamés


San Pedro de Macorís
Mei 11, 1986

Radhamés,

Mungu akubariki, ingawa kwa habari uliyoniletea nimefikiria kuiahirisha baraka hiyo hadi wiki ijayo. Sisi hatujambo. Goti la mama yako linauma na mdomo wake hauumi, kwa hiyo nyumba iko kama ulivyoiacha. Umeme unakatika kila jioni na serikali inatuambia tuwe wavumilivu.

Zimamoto! Polisi wameniita mchochezi, wenye kiwanda wameniita mwehu, gazeti limeniita adui wa sukari, na hayo yote niliyapokea kama nishani. Lakini baba wa zimamoto?

Nisikilize. Sheria ya mchezo huu imeandikwa na mabwanyenye. Mrushaji anatoka akiacha watu wawili vituoni. Zimamoto anaingia, anapigwa, wale wawili wanakimbia mpaka kituo cha nyumbani. Pointi zile anaandikiwa nani? Aliyetoka! Zimamoto anakwenda kuoga, safi kama mtoto mchanga. Ni kazi gani nyingine duniani ambayo mtu anavunja vyombo na bili anapelekewa jirani?

Hivyo ndivyo alivyonifanyia Tiburcio Laureano, fainali ya viwanda, mwaka 1971. Niliondoka awamu ya nane tunaongoza kwa pointi moja, watu wawili wako vituoni. Akaingia yeye, kompadre wangu, mtu aliyekushika mikononi siku ya ubatizo wako, akarusha mpira laini kama ndizi ya kuchemsha. Ulipigwa ukafika kwenye ukuta wa kiwanda. Kesho yake gazetini imeandikwa: aliyeshindwa, Eligio Mañón. Tangu siku ile simsalimii, na wewe nilikukataza kumwomba baraka. Sijutii.

Mwambie huyo Haskell akurudishe ulipokuwa. Akikataa, mwambie baba yako ana panga la kukatia miwa na hana woga wa ndege.

Baba yako,
Eligio


Harlan Falls
Juni 8, 1986

Baba mpenzi,

Naomba baraka yako, na mara hii usiicheleweshe. Wote hamjambo? Mimi naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinalewa. Barua hii usimsomee mama.

Mkono wangu unakufa, baba. Na haufi uwanjani. Simu inalia awamu ya tano: “Mañón, amka!” Naamka, narusha, napasha mkono moto mpaka jasho. Mwenzetu anajinasua. “Mañón, kaa!” Nakaa, mkono unapoa. Awamu ya sita, amka. Nakaa. Ya nane, amka tena. Siku nyingine naishia hapo, siingii kabisa, na kesho kocha anasema, “Wewe umepumzika jana.” Nikiingia, mpira umekwisha nguvu kabla sijamwona mpigaji. Nimepigwa mechi tatu mfululizo. Watu wananizomea kwa jina, na hata hilo wanalikosea.

Asubuhi siwezi kuinua kitana. Nikisema, watasema Mdominikana anadeka. Nikinyamaza, kabla Agosti haijaisha bega litakuwa limechanika na mimi niko kwenye ndege ya kurudi, na hakuna timu itakayonitazama tena. Wenzangu hapa ni watoto kama mimi, hawajui.

Nakuomba jambo moja, na najua ninaloliomba. Nenda kwa Tiburcio. Yeye alikuwa zimamoto miaka yote. Muulize alifanyaje.

Mwanao,
Radhamés


San Pedro de Macorís
Juni 29, 1986

Mwanangu,

Mungu akubariki, akubariki tena na bega lako. Mama yako aliinyakua barua akaisoma yote, kwa hiyo sasa analia na anakupikia dawa isiyoweza kutumwa kwa posta.

Nimekwenda. Nilimkuta Tiburcio mbele ya duka la kona, anacheza domino. Akasema bila kuinua macho, “Kuna nini, Eligio? Umekuja kunidai pointi zako?”

Nikamwambia, “Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Pointi zangu nitakudai ahera.”

“Huko hutanikuta. Wewe una moto wako maalumu.”

Watu wakacheka. Nikataka kuondoka, nikakumbuka kitana. Nikamsomea barua yako hapo hapo, nimesimama. Akazifunika domino zake, akanivutia kiti.

“Anapashwa na kukalishwa,” akasema. “Kama mimi siku ile.”

“Siku ipi?”

“Wewe unaijua siku nyingine? Meneja aliniamsha awamu ya tatu ulipoyumba. Akanikalisha. Ya tano, ya sita, ya saba, wewe unayumba na mimi nasimama. Nilipokuja kupokea mpira kwako, kompadre, nilikuwa nimesharusha mechi yangu nzima kule nyuma ya ghala, nikipasha mkono. Ule haukuwa mpira laini. Yalikuwa mabaki.”

“Mbona hukusema?”

“Nani angesikiliza? Mipira ya kule haiandikwi popote.”

Radhamés, nilikaa pale kama mtu aliyepigwa kofi. Unajua maisha yangu. Nilisimama mbele ya mizani ya kiwanda miaka na miaka nikipiga kelele kwamba muwa uliokatwa ni muwa uliokatwa, hata kama umeachwa juani ukakauka kabla ya kupimwa! Kwa ajili ya muwa usiopimwa nililala mahabusu. Na mtu wangu mwenyewe akatumikishwa mchana kutwa nyuma ya ghala bila kupimwa, nami nikawa upande wa mwenye mizani.

Sasa sikia anachokuambia Tiburcio. Usiseme katikati ya mechi, utaonekana mwoga. Sema kabla, mchana, mkiwa wazima. Sema mbele ya yule anayekudakia unapopasha mkono, maana yeye kiganja chake kinajua. Na usilalamike. Sema: mara mbili nasimama, ya tatu ni kuingia au kulala.

Nami naongeza: wakikufukuza kwa hilo, wamekufukuza ukiwa na mkono. Sema, mwanangu. Sikukulea unyamaze.

Baba yako,
Eligio


San Pedro de Macorís
Agosti 3, 1986

Radhamés,

Mungu akubariki popote ulipo. Mwezi umepita hujaandika. Mama yako hana neno na goti tena, na hilo ndilo linalonitisha. Tiburcio anapita kila siku akijifanya ameazima nyundo. Anayo nyundo.

Labda nilikusukuma. Labda maneno yangu ni mazuri kwenye mikutano tu. Kama wamekufukuza, njoo. Watu watacheka, huu mji hauwezi kuacha kucheka, lakini wa kwanza atakayecheka atakutana nami.

Andika hata mstari mmoja.

Baba yako


Harlan Falls
Agosti 24, 1986

Baba mpenzi, mama mpenzi,

Naomba baraka zenu, na mumsamehe mtoto wenu. Mimi ni mzima. Mama, ni mzima kweli.

Nilisema. Mchana, chumba cha kubadilishia nguo, Lonnie akiwepo, ndiye anayenidakia. Kwa Kiingereza changu cha kubahatisha: mara mbili sawa, ya tatu naingia au nalala. Haskell akawa mwekundu. “Unanipangia kazi, kijana?” Lonnie akasema, akiendelea kufunga viatu, “Jumanne alirusha mechi nzima kule uzioni kabla hujamwita, kocha. Mimi nimeidaka.” Haskell akatoka.

Baada ya hapo simu haikuniita tena. Mechi baada ya mechi. Nilifungasha sanduku. Sikuandika kwa sababu nilikuwa nangoja kuambiwa tarehe ya ndege, nikuandikie mara moja habari yote. Lakini nilikuwa nalala, baba. Asubuhi moja nikajikuta nimechana nywele bila kufikiria.

Jumamosi, awamu ya nane, tunaongoza kwa pointi moja, vituo vyote vitatu vimejaa wapinzani, na aliyetolewa ni mmoja tu kati ya watatu wa kumaliza awamu. Simu ikalia. Lonnie akaipokea, akanitazama. “Anasema usimame. Na ukisimama unaingia. Hakuna kukaa.”

Anayetoka alikuwa Petrosky, jitu la watu, uso umemshuka. Watu wale watatu walikuwa wake, wangeandikwa kwake. Akanitia mpira kiganjani, akasema neno moja: “Samahani.” Baba, nikawakumbuka wewe na Tiburcio, nusura nicheke. Nikarusha wa kwanza, ukapiga glavu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Aprili. Wa pili, mpigaji akausukuma chini kwenye nyasi. Mmoja nje kituo cha pili, mwingine nje cha kwanza: watatu wametimia, awamu imekwisha. Hakuna aliyefika nyumbani.

Haskell hajanisifu. Leo asubuhi ameniambia nifungashe, nikadhani nafukuzwa, kumbe napandishwa daraja. Basi linaondoka Jumatatu. Mwambie kompadre wako kwamba naomba baraka yake, sasa kwa ruhusa yako au bila ruhusa.

Lakini ninachotaka kukuambia kilitokea baada ya mechi. Nilikuwa nimekaa peke yangu na mfuko wa barafu, nashindwa kuufunga begani kwa mkono mmoja. Petrosky akaja, akaketi kando yangu, akaushika. Hatuna lugha tunayoelewana. Akashika tu, mpaka maji yakaanza kumchuruzika kwenye kiwiko na kuingia kiatuni, wala hakuutoa mkono.

Mwanenu,
Radhamés