Yule Mwanamke wa Chuma Uliyemtia Kwenye Filamu

Kasongo, Maniema
Tarehe 17 Juni 2025

Mpendwa mume wangu Djamali, mjukuu wangu,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Lyon? Mwili iko nguvu? Baridi imekuachia masikio? Mimi tate yako, bibi yako mzaa mama, ni mzima. Goti la kulia linalalamika nikipanda kutoka mtoni, lakini kinywa hakijazeeka, utakiona hapo chini. Nyumba ni nzima. Mvua imekwisha, mpunga umeingia ndani, na mwaka huu panya hawakutuonea sana.

Unakula? Katika picha uliyotuma mara ya mwisho, shingo yako ni kama ya kuku aliyetoka kuugua. Kama huko hawapiki, pika mwenyewe. Nilikufundisha.

Barua hii anaiandika Odile, jirani yetu, maana unajua mimi shule niliiona kwa nje tu. Nimemwambia aandike neno kama linavyotoka. Tayari amesimamisha kalamu, anasema, "Tate Hawa, hapa tusimpunguzie kidogo?" Nimemjibu hakuna kupunguza, huu si mchuzi uliozidi chumvi. Simu sikuitaka. Kwenye simu ungesema "ndiyo Tate, ndiyo Tate," halafu mtandao ungekatika pale panapokufaa.

Basi, tuje kwenye filamu yako hiyo ya michoro.

Tuliitazama siku ya tatu ya Idi, katika ukumbi ule wanapoonyesha mipira. Mjomba wako Ramazani alinunua mafuta ya jenereta. Watoto walijaa mpaka mlangoni, wengine walikaa juu ya miguu ya watu. Mama yako Mwanvua alivaa kikwembe kipya, akakaa mbele, na kila aliyeingia alimwambia, "Iko kazi ya mutoto yangu." Ushike hilo unaposoma.

Nianze na mazuri, nisije nikaitwa mchawi. Kumpa Kibuyu filamu yake mwenyewe, hapo ulitumia akili. Kwenye ile filamu ya kwanza kile kimashine cha kupika kilikuwa kinapita tu na sinia nyuma ya kapteni wa chombo cha nyota, na bado watoto walikuwa wanamtaka yeye kuliko kapteni. Sasa amepata nafasi ya kuonekana. Tena umempa mwendo wa Ramazani, ile nyonga yake mbovu. Ramazani mwenyewe amejitambua, na tangu siku hiyo anachechemea kwa makusudi ili watoto wamcheke.

Na ule mto ulioupitisha katikati ya nyota, mitumbwi ikielea bila maji. Ile rangi naijua. Ni Lualaba pale Nyangwe, asubuhi, ukungu unapoanza kuondoka. Wale wanawake wanaouza samaki wa kukauka juu ya mitumbwi, mmoja anamuuliza mwenzake, "Bei hiyo ulifundishwa na nani, na shetani?" Ukumbi ulicheka mpaka tukakosa maneno yaliyofuata. Kiswahili chao ni chetu, hawajifanyi watu wa ng'ambo. Hapo machozi yalinitoka kidogo. Odile ni shahidi.

Mabaya sasa. Vita vya katikati ni virefu mno. Vyombo vinapasuka, vingine vinakuja, navyo vinapasuka. Mimi nilisinzia, nikaamka, bado vinapasuka. Ile mashine inayomeza dunia za watu, hakuna aliyetuambia inataka nini. Anayekula hivyo lazima awe na njaa, lakini yako haina njaa, inameza tu kwa sababu filamu imefika mahali pa kumeza. Halafu mwishoni wote wa filamu ya kwanza wanapita mmoja mmoja kusalimia, kama watu wanaokuja kwenye harusi kwa sababu wamesikia harufu ya pilau. Kapteni ndiye anamwokoa Kibuyu. Kwa nini? Filamu ni ya Kibuyu. Angejiokoa mwenyewe.

Na sombe, yale majani ya muhogo. Kibuyu anatupa majani mazima ndani ya chungu, hajatwanga. Wanawake wote ukumbini waliguna. Wewe ulilelewa kinu kikidunda karibu na sikio lako.

Hayo yote ningekusamehe. Hasira yangu haiko hapo.

Iko kwa yule mwanamke wa chuma. Anamtengeneza Kibuyu kwa mikono yake, anambeba mgongoni, anampeleka kwenye nyota kavu, anamweka mlangoni pa mashine moja iliyozeeka, anaondoka. Kibuyu anamwita. Yeye hageuzi shingo. Ukatuacha tuutazame ule mgongo mpaka ukawa mdogo kama punje. Kisha filamu nzima Kibuyu anauliza kosa lake ni nini, na tunakuja kuambiwa mwanamke alipenda mawe yanayong'aa kuliko yeye. Ulimvalisha kikwembe chenye picha za ndege, ukampa bega moja lililoshuka. Djamali, Kasongo nzima inajua bega lile ni la mama yako.

Hadithi hiyo tumekusimulia tangu mdogo, na sote tukicheka, na wewe ukicheka. Katika nyumba yetu, mtoto akiachishwa ziwa, mama anampeleka kwa mama yake mzazi, anamweka mapajani, anaondoka bila kugeuza shingo. Macho yakikutana, mtoto atakataa uji, na maziwa ya mama hayatakauka. Mimi nilifanya hivyo kwa mama yangu, naye kwa mama yake. Wewe ulishika nguo ya mama yako, nikakufungua vidole kimoja kimoja. Akaenda, kifua kimelowa mpaka tumboni, shingo mbele.

Lakini hakufika kwake. Alikaa nyuma ya jiko la kina Odile, juu ya kinu kilichogeuzwa, akisikiliza unavyolia. Mama mkwe wa Odile alimpa kitambaa akiume kwa meno ili asipige kelele. Ulipolala akaenda. Kesho yake akarudi pale pale. Nilipomtumia habari kwamba umekula uji, ndipo alipokubali kula na yeye. Na kule machimboni Salamabila alikwenda baadaye, wewe tayari uko shule, kuwauzia mchele wachimbaji kwa ajili ya shule hiyo hiyo. Jiwe la dhahabu hajawahi kulishika.

Yote hayo unayajua. Jiko ukaliacha, mgongo ukauchukua. Dada yako Asma anasema ulimwambia kwamba kwenye filamu lazima mmoja awe mbaya. Ungenichukua mimi. Mimi ndiye niliyekufungua vidole, na sura ya ubaya ninayo.

Sasa sikiliza ulichokifanya. Sokoni mke wa Mahamudu alimpokea mama yako na kicheko, "Jambo, Mama wa Chuma. Leo utageuza shingo ao bado?" Mwanvua akacheka naye, akanunua chumvi, akarudi nyumbani. Hilo ningelimaliza mimi mwenyewe, na mke wa Mahamudu nimekwisha kumtembelea.

La Asma ndilo nisiloweza kulimaliza. Alikuwa amekuja kutoka Kabambare kwa pikipiki, barabara ile unayoijua, ili amlete mwanawe Kamaldine aachishwe ziwa kwa mama yako. Mjukuu wa kwanza wa Mwanvua kumlea. Mama yako alikuwa amemwekea chungu kidogo chake, mkeka wake, unga wa mchele na karanga. Asubuhi baada ya filamu Asma akasema, "Mama, sitamuacha. Sitaki akue akiniona mgongo tu." Hakusema kwa ubaya. Yeye ni mdogo wako, hadithi ile anajua upande wa kicheko tu, jiko hajasimuliwa.

Mama yako akamsaidia kumfunga mtoto mgongoni, akavuta kikwembe kikaze vizuri, akamtakia safari njema. Pikipiki ilipopotea akarudi ndani, akaweka kile chungu juu kabisa, mahali pasipofika mkono. Tangu hapo jioni haji kukaa nasi. Anasema kichwa kinamuuma. Nikianza kukusema wewe ananikatiza, "Mama, Djamali iko kwa kazi yake, usimusumbue." Anakutetea. Hapo ndipo hasira inanipanda mpaka nakosa pa kuishika.

Nimesikia unataka kutengeneza nyingine, eti humo yule mwanamke atakuwa mzuri. Usitufanyie hivyo. Filamu moja inakuchukua miaka, na Kamaldine ataachishwa kwa ziwa kupakwa pilipili kule kwa mama mkwe wa Asma. Piga simu kwanza kwa Asma, umweleze habari ya jiko, yote, na kitambaa.

Kisha piga kwa mama yako. Usianze na samahani zile ndefu za Kifaransa. Mwambie unajua alikaa wapi siku ile. Neno hilo tu. Atanyamaza. Usidhani mtandao umekatika, usikate. Mwache alie, na wewe ukae hapo umsikilize mpaka amalize.

Ramazani anakusalimu, anauliza malipo ya nyonga yake. Odile anakusalimu, anasema mkono umemuuma na kwamba mimi ni mkali. Ameyaandika hayo yeye mwenyewe. Msalimie Antoine, yule rafiki yako wa muziki, mwambie ngoma zake za mtoni zilikuwa nzuri. Djamila wa shangazi yako anauliza kama Kibuyu ana mke.

Mungu akulindie mikono hiyo inayochora, asiipunguzie hata kidole, na akupe moyo wa kutazama watu wako vizuri kabla ya kuwachora. Amina.

Ni mimi nikupendaye, na hasira yangu yote,

Tate yako Hawa