Sauti Iliyoimba Bila Mwenyewe

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Kupotea kwa mwanamke, mwimbaji katika kikundi cha mchezo wa muziki
Jina la shahidi: Brashi. Ndilo ninaloitikia.
Umri: Miaka 46
Kazi: Mwandishi wa mabango na vibao vya maduka
Makazi: Chumba na sebule ya kupanga, nyuma ya ghala la saruji
Yamechukuliwa: Jumapili, tarehe 14, jioni

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Afande amenionya kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kwamba uongo niliolishwa wiki tatu hizi umenishibisha, sina nafasi ya kuongeza wa kwangu. Shule sikufika mbali. Kuandika nilijifunza kwa kunakili vibao vya watu, na kuta nyingi za mji huu zenye maneno "Usikojoe hapa" ni kazi ya mkono wangu. Watu wanakojoa vilevile, lakini herufi zimenyooka.

Ninayemtafuta ni mke wangu. Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la fotokopi, na siku za mwisho wa wiki akiimba kwenye harusi za watu. Miezi mitano iliyopita kikundi cha mchezo wa muziki kilipita hapa kutafuta waimbaji. Wakamsikia, wakamchukua kwa mzunguko mzima wa miji. Mchezo wenyewe unaitwa Dobi wa Ikulu. Unahusu mwanamke anayefua mashuka ya wakubwa na kuzijua siri zao kwa madoa. Mke wangu ndiye Dobi. Tangu siku ile mtaani sikupumua. "Shemeji, suruali zangu zimekauka?" Kinyozi jirani yangu alifika mlangoni na soksi mkononi kabisa. Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa najivuna kuliko jogoo.

Alikuwa akinipigia simu kila baada ya onyesho. Wiki tatu zilizopita simu zilikoma, ukabaki ujumbe wa maandishi: "Niko salama. Meneja amekataza tusiongee, tunatunza sauti." Niliamini. Mwimbaji akikwambia anatunza sauti, utabishana naye kwa lipi? Nilimwandikia utani kwamba tangu tuoane nimekuwa nikiomba apatikane mtu wa kumkataza kuongea. Akajibu: "Asante, nimekula vizuri." Mke wangu ninayemfahamu angenitukana hadi simu ipate moto.

Jumamosi tarehe 13 kikundi kilifika hapa mjini kwa maonyesho mawili, moja jana na moja leo, yote saa tisa alasiri. Nilikwenda na mama mkwe wangu. Yeye alikuja na chupa ya chai iliyojaa tangawizi na asali kwa ajili ya koo la bintiye, akaipakata kama mtoto mchanga. Kondakta wa daladala alitaka ailipie kiti.

Tulikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na choo, kwa sababu ndizo tiketi zilizobaki. Pazia lilipofunguka alitoka mwanamke mwenye beseni kichwani. Alikuwa mrefu, miguu myembamba, na anatembea kama anayekanyaga mayai.

Mama mkwe akasimama, akasema kwa sauti, "Huyo si mwanangu."

Mtu wa kando yetu akasema, "Mama, kaa, wengine tumelipa."

Kisha yule mwanamke akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mke wangu. Sisemi ilifanana nayo. Ilikuwa yake. Mama mkwe alinishika mkono hadi kucha zikaingia.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Yuko wapi sasa?"

Nilimwambia pengine anaumwa mguu, kwa hiyo anaimba akiwa nyuma ya pazia na mwenzake anamchezea mbele. Maneno hayo niliyatunga palepale, lakini nilipokwisha kuyasema niliyaamini kama nimeyasoma gazetini. Tuliangalia onyesho lote tukitazama pazia. Mfalme alipinduliwa na sisi hatukumwona.

Kuna wimbo mmoja, Dobi akiwa peke yake na shuka lenye damu. Unasema: "Kila shuka lina doa, kila doa lina mwenyewe." Alipofika kwenye neno "mwenyewe" sauti ilimkwama kidogo, kama mtu anayemeza mate, kisha ikaendelea. Kukwama huko nakujua. Ndivyo mke wangu anavyokwama akiwa amechoka. Nilifurahi, afande. Niliona hata uchovu wake ni salamu.

Onyesho lilipokwisha tulikwenda kwenye mlango wa wasanii. Uko uchochoroni, ni mlango wa chuma karibu na mapipa ya taka, na vijana kama ishirini walikuwa wamejipanga na simu zao. Wasanii walitoka mmojammoja. Mfalme alitoka na kandambili, akauliza wapi anaweza kupata vocha. Waziri alitoka akila karanga. Yule mwembamba, ambaye wenzake walimwita Kidege, alipotoka vijana walimzonga. "Dada, hiyo sauti umeitoa wapi?" Alitabasamu, akaweka kiganja kwenye koo, akasaini mikono ya watu kwa kalamu. Mama mkwe alimsogelea, akamwambia, "Pole na kazi, mwanangu. Mwambie mwenzako tuko nje." Kidege alitazama ile chupa, halafu akaingia kwenye gari akiwa ameinamisha kichwa.

Tulibaki wawili. Mlinzi wa mlango akatoa funguo.

"Wamekwisha, mama."

"Amebaki mmoja," mama mkwe akasema.

"Nimezima taa, mama. Ndani wamebaki panya."

"Yule anayeimba anatokea mlango gani?"

Mlinzi alinitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Akasema, "Yule hatoki." Sikumwelewa. Nilidhani amezuiwa. Nilituma ujumbe nikiwa palepale: "Tuko mlangoni, mama yako yuko na tangawizi." Jibu lilikuja upesi: "Nimelala. Kesho." Mama mkwe alisema usiku kucha kwamba mtu aliyelala hajibu upesi hivyo. Nilimwambia walalaji wa siku hizi hulala na simu.

Leo Jumapili tulirudi. Alipika tangawizi upya. Tulikaa mbele zaidi, na nilifumba macho ili miguu ya Kidege isinivuruge. Wimbo wa shuka ukafika. Kwenye neno "mwenyewe" sauti ikakwama palepale. Ikameza vilevile. Ikakaa kimya kadiri ileile, ikaendelea vilevile.

Naomba hili liandikwe kama ninavyolisema. Mtu aliye hai hajikwai mara mbili kwa namna moja. Mimi nimeandika herufi A maisha yangu yote na hakuna mbili zilizotoka pacha. Kinachotoka pacha ni muhuri. Nilifumbua macho nikatazama spika mbili kubwa zilizoning'inizwa pembeni mwa jukwaa, na nikajua kwamba mke wangu hayuko nyuma ya pazia, wala hayuko ndani ya jengo lile. Nikageuka kwa mama mkwe. Alikuwa anatabasamu na midomo yake inafuatisha wimbo. Sikumwambia. Nilikaa hadi mwisho nikipiga makofi kama wenzangu, kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi.

Mlangoni sikungoja foleni. Kidege alipotoka nilisimama mbele yake.

"Dada, mimi ni mume wa mwenye hiyo sauti."

Alirudi nyuma hatua. Vijana wakaanza kupiga kelele, "Mzee, acha kusumbua nyota!" Kidege akanivutia kwenye mapipa. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, kama ya kijana anayebalehe.

"Kaka, nisamehe. Mimi ni mcheza dansi tu, siimbi. Ile sauti waliirekodi wakati wa mazoezi. Dada aliumwa tukiwa mji uliopita. Alikuwa na homa, akikohoa anatema damu. Meneja alituambia amempandisha basi arudi kwao." Akanitazama. "Kwani hajafika?"

Sikujua kwamba mama mkwe yuko nyuma yangu.

"Kufika wapi?" akauliza. "Kwao ni kwangu mimi."

Kidege akaanza kulia. Mimi nilitoa simu nikapiga namba ya mke wangu, sijui kwa nini, labda kwa mazoea. Ikaita. Iliita sikioni mwangu, na iliita pia kwenye mkoba wa meneja, aliyekuwa amesimama kizingitini akiwahimiza watu waingie kwenye gari. Meneja alifungua mkoba, akaizima, kisha akatabasamu, jambo ambalo mpaka sasa sijalielewa.

"Aliisahau," akasema.

Nikamuuliza, "Na simu iliyosahauliwa ndiyo iliyoniandikia kwamba imekula vizuri?"

"Mzee, tuongee ndani kiutu uzima. Nilitaka msiwe na wasiwasi."

"Basi gani? Ulimpandisha basi gani?"

"Mabasi ni mengi, siwezi kukumbuka."

Mama mkwe alimsogelea. Nilidhani atampiga, na nilijiandaa kutomzuia. Hakumpiga. Alimuuliza taratibu kama anayeulizia njia, "Mwanangu ulimwachia maji?"

Meneja aliingia ndani, akafunga mlango. Nilipiga kioo kilicho juu ya mlango kwa ngumi, kikavunjika, na hiyo ndiyo sababu ya kitambaa hiki mkononi. Kioo ni cha mwenye ukumbi na nitakilipa, au nitamwandikia bango bure, achague.

Nilimwambia mama mkwe twende kituoni. Alikataa. Aliwauliza wale vijana, "Hiyo sauti yake iko kwenye kitu gani?" Kijana mmoja akamwambia iko kwenye mashine, kwa fundi mitambo wa sauti, ndani. Akasema, "Basi hiyo mashine haiondoki." Akapita dirisha la choo, afande. Mwanamke wa miaka sabini na moja. Vijana walimsukuma kwa heshima zote, mmoja akimwambia, "Bibi, inua mguu wa kushoto." Nilimsikia akitua upande wa pili, akasema yuko salama, nikimbie.

Ninachoomba ni hiki. Lori lao linapakiwa sasa hivi, na alfajiri wanavuka kwenda nchi nyingine. Wakiondoka, mtu pekee anayejua mke wangu aliachwa wapi ameondoka. Homa ya wiki tatu haimsubiri mtu. Mnaweza kunishtaki kwa kioo baadaye. Mzuieni meneja aseme ni basi gani. Kama hakuna basi, aseme hakuna. Nitakwenda mwenyewe, hata kwa miguu, lakini niambiwe pa kuelekea.

Nimesomewa haya, nimeona hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Niliyoyaona na kuyasikia yanaishia hapa.

Sahihi ya shahidi: (ametia kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa kitambaa)

MAELEZO YA ASKARI MPELELEZI

Baada ya kuchukua maelezo hayo nilikwenda ukumbini na askari wawili, nikimwacha shahidi kituoni ahudumiwe mkono. Lori lilikuwa limewashwa. Meneja amekamatwa akiwa na simu mbili, moja ikiwa ya mwanamke anayetafutwa. Alipohojiwa amekiri kwamba hakumpandisha basi lolote. Alimwacha kwenye benchi la stendi ya mji uliopita akiwa amelala, mkoba wake ukiwa chini ya kichwa, kwa madai kwamba angeamka na kujitafutia usafiri. Kuhusu swali la maji, amesema hakumbuki.

Nilipiga simu kituo cha mji huo. Wamenijibu kwamba wiki tatu zilizopita mwanamke asiyejulikana, asiyeweza kutoa sauti, aliokotwa stendi na kupelekwa hospitali. Wameomba ndugu afike amtambue. Niliuliza kama yuko wodini. Aliyepokea simu alisema hana taarifa zaidi ya hiyo, na kwamba afike mtu mzima, ikiwezekana wafike wawili.

Mama wa mwanamke huyo nilimkuta ndani ya ukumbi mtupu, ameketi kwenye kiti cha fundi mitambo, mkono juu ya mashine. Fundi alisema mama huyo amekuwa akimwomba arudie wimbo mmoja tangu jioni, naye ameshindwa kumkatalia. Nilimwambia kuna safari na gari la polisi liko nje. Hakuuliza safari ya wapi. Aliinua kidole, akaniambia, "Ngoja kwanza amalize."

Nilisubiri.